Orodha ya Mwezi wa Mei: Mchezaji wa Mpira Alikuwa Mali ya Nani?

Natumaini mmekwisha kaa katika vikundi vyenu, na kiongozi ana kijitabu chake mkononi. Nawe unayelisoma somo hili peke yako nyumbani, karibu. Somo ni lile lile.

Ligi inapokwisha uwanja hufungwa, lakini midomo haifungwi. Pita kwa kinyozi, au penye baraza la wanywa kahawa, utasikia watu wanabishana: fulani aachwe, amekwisha, fulani asiachwe hata wakileta mamilioni, yule mshambuliaji amebakiza miezi sita katika mkataba wake, mbona viongozi wamelala? Kwa muda wa miezi miwili kila mtu huwa katibu wa klabu. Mabishano haya ni matamu, wala mimi siyadharau. Ila yasikilize vizuri. Tunasema "tumemnunua", "tumemwuza", "tumemtoa kwa mkopo". Hayo ni maneno ambayo mahali pengine tungeyatumia kwa ng'ombe au baiskeli. Leo nataka twende Uingereza tukatazame yalikotoka, maana huko, kwa miaka 70, maneno hayo hayakuwa namna ya kusema tu. Yalikuwa kanuni iliyoandikwa.

Chama cha Mpira cha Uingereza kiliundwa mwaka 1863, na kwa miaka mingi mtu aliyelipwa fedha ili acheze alihesabiwa kuwa amefanya jambo la aibu. Hata hivyo klabu za kaskazini, katika miji ya viwanda, zilikuwa zikiwalipa wachezaji kwa siri. Mwaka 1885 chama kikakubali kwamba mchezaji aweza kulipwa waziwazi. Mwaka 1888 klabu 12 zikaanzisha ligi, na tangu hapo mpira ukawa kazi kama kazi nyingine: watazamaji wanalipa mlangoni, klabu inapata fedha, mchezaji anapata mshahara.

Hapo mwanzo mchezaji aliandikishwa na klabu kwa msimu mmoja. Msimu ukiisha alikuwa huru, akaenda alikopenda. Klabu hazikupendezwa na uhuru huo, na kwa msimu wa 1893 ligi ikatia kanuni mpya. Mchezaji aliyekwisha andikishwa na klabu ya ligi hakuweza kuandikishwa na klabu nyingine ya ligi mpaka klabu yake ya kwanza ikubali. Soma tena maneno hayo, kwa sababu uzito wake haujionyeshi mara moja. Mkataba wake ukiisha, bado alihitaji ruhusa. Klabu isipompa mkataba mpya, bado alihitaji ruhusa. Hata kama haimlipi tena senti moja, bado jina lake limo katika daftari yao, na bila daftari hiyo hawezi kucheza kokote katika ligi.

Nitakupa mfano wa nyumbani. Wewe ni fundi seremala. Umepatana na tajiri mmoja umfanyie kazi mwaka mzima. Mwaka umeisha, na tajiri hataki kukulipa kama zamani. Unamwambia, "Basi, bwana, naona niende mtaa wa pili." Naye anakujibu, "Nenda, lakini yule wa mtaa wa pili sharti anilipe mimi kwanza, tena kiasi nitakachotaka mimi. Asipolipa, hutashika randa." Nadhani ungemshitaki. Mchezaji wa Kiingereza aliishi hivyo tangu 1893 hadi 1963.

Kila mwaka, msimu ulipokwisha karibu na mwezi wa Mei, wakurugenzi wa klabu walikaa na kutoa orodha. Wengine waliandikwa kuwa wanabaki. Wengine waliwekwa katika orodha ya kuuzwa, kila mmoja na bei yake. Waliobaki waliachwa waende bure, na kwa kawaida hao walikuwa wazee, wagonjwa wa magoti, au vijana ambao hawakutimiza matumaini. Orodha ilichapishwa magazetini. Wapenzi wa mpira waliisoma na kubishana kama tunavyobishana sisi. Mchezaji naye aliisoma, akajua kama mwezi wa Julai atakuwa na mshahara au hapana. Mikataba mingi ilikuwa ya mwaka mmoja, ikiisha tarehe 30 Juni.

Lazima niseme kwamba klabu zilikuwa na sababu, nayo haikuwa ya kipuuzi. Zilisema: tukiwaachia wachezaji waende watakako, klabu tajiri za miji mikubwa zitawakusanya wote walio hodari, na klabu ya mji mdogo itabaki na majezi matupu. Mpenzi yeyote wa timu ya mkoani aliyewahi kumwona mchezaji wao bora akichukuliwa ataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Lakini angalia ni nani aliyelipa gharama ya kuulinda mji mdogo. Si tajiri wa mji mkubwa. Ni mchezaji.

Tena aliongezewa kamba ya pili. Mwaka 1901 ilianza kutumika kanuni ya kwamba hakuna mchezaji awezaye kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, awe hodari namna gani. Wakati ule pauni 4 zilikuwa mshahara mzuri kwa mtu wa kazi za mikono, na wachezaji wengi hawakuzifikia. Ubaya wake ulionekana bei za wachezaji zilipopanda. Mwezi wa Februari 1905, Alf Common alitoka Sunderland kwenda Middlesbrough kwa pauni 1,000, naye akawa mchezaji wa kwanza kufikia bei hiyo. (Wazee wa Dar es Salaam wanalijua jina la Sunderland kwa sababu nyingine: ndilo lililotumiwa na klabu ya Simba hadi mwaka 1971.) Fanya hesabu. Pauni 1,000 ukizigawa kwa 4 unapata wiki 250, yaani karibu miaka mitano ya mshahara wa juu kabisa. Fedha hizo zilipita kutoka klabu moja hadi nyingine.

Wachezaji hawakukaa kimya. Mwezi wa Desemba 1907 walikutana katika hoteli moja mjini Manchester wakaunda chama chao. Mbele walikuwapo Billy Meredith na Charlie Roberts, wachezaji wa Manchester United waliokuwa na sifa kubwa nchini. Mwaka 1909 Chama cha Mpira kikawaamuru wachezaji wajitoe katika chama hicho, la sivyo wasicheze. Wengi wakaogopa wakajitoa, na huwezi kuwalaumu, maana walikuwa na watoto. Lakini wachezaji wa Manchester United, ambao mwaka ule ule walikuwa wamechukua Kombe la Chama cha Mpira, walikataa. Walipigwa picha pamoja na ubao ulioandikwa jina walilojipa wenyewe, la timu ya waliotupwa nje. Siku chache kabla ya msimu kuanza, wakubwa wakarudi nyuma: chama kikaruhusiwa kuwapo. Kanuni ya 1893 haikuguswa.

Mwaka 1912 chama kilijaribu njia ya mahakama. Herbert Kingaby alikuwa amenunuliwa na Aston Villa mwaka 1906, kisha akaenda kucheza katika Ligi ya Kusini, ambako mkono wa ligi kubwa haukufika. Baadaye ligi mbili hizo zikapatana kuheshimiana daftari, na Aston Villa, ambao kwa miaka kadhaa hawakuwa wakimlipa, wakatokea tena kudai bei yake. Wakili wa Kingaby alishika hoja ya kwamba klabu ilifanya hivyo kwa nia mbaya. Hilo ni jambo gumu kuthibitisha, na kesi ikashindwa. Hakushika hoja kubwa zaidi, ya kwamba kanuni yenyewe haifai. Gharama za kesi zilikaribia kukifilisi chama, na kwa nusu karne hakuna aliyethubutu tena kwenda mahakamani. Nami naona wakili yule, kwa kuchagua mlango usio wake, aliwafungia wachezaji wa vizazi viwili.

Vita vya kwanza vikapita. Mwaka 1922 mshahara wa juu uliwekwa pauni 8 wakati wa msimu na 6 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Ndiyo, ndugu: katika miezi ile ambayo wapenzi wa mpira walibishana zaidi habari zake, mchezaji alilipwa pungufu. Tuyapite hayo upesi, twende baada ya vita vya pili, maana huko kuna watu wawili nataka uwajue.

Wa kwanza ni Wilf Mannion wa Middlesbrough, mchezaji wa timu ya taifa. Mwaka 1948 mkataba wake ulipokwisha alikataa kutia sahihi mwingine, akataka kwenda Oldham. Klabu yake ikataja bei ambayo Oldham hawakuiweza. Mannion akakaa nje ya mpira miezi kadhaa, akafanya kazi ya kuuza mabanda ya kuku. Mwaka 1949 alirudi Middlesbrough kucheza. Njaa ilikuwa imemshinda.

Wa pili ni Tom Finney wa Preston, fundi bomba kwa kazi yake nyingine, na winga ambaye wengi walimweka sawa na Stanley Matthews. Mwaka 1952 rais wa klabu ya Palermo ya Italia alimwahidi pauni 10,000 za kutia sahihi, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, nyumba na gari. Mshahara wa juu Uingereza wakati ule ulikuwa pauni 14 kwa wiki, hivyo zile 10,000 peke yake zilikuwa mshahara wa zaidi ya miaka 13. Finney akawapelekea wakurugenzi wa Preston habari hiyo. Walikataa, na mazungumzo yakaishia hapo. Alibaki Preston mpaka alipoacha mpira, akiendelea na biashara yake ya mabomba ya maji. Watu wa Preston wanamsifu hata leo kwa uaminifu wake, na alistahili sifa. Lakini mtu aliyefungiwa mlango, utajuaje kama angetoka au angebaki?

Sasa tumefika mwaka 1960. Mwenyekiti wa chama cha wachezaji alikuwa Jimmy Hill wa Fulham, mtu wa maneno mengi na ndevu zilizokatwa vizuri. Katibu wake alikuwa Cliff Lloyd, mtu wa maneno machache na mafaili. Mshahara wa juu ulikuwa pauni 20 katika msimu na 17 wakati wa kiangazi. Chama kikaitisha mikutano London, Birmingham na Manchester kuuliza kama wachezaji wako tayari kugoma. Huko Manchester mchezaji mmoja kijana alisimama akasema kwamba baba yake huchimba makaa ya mawe kwa mshahara mdogo kuliko wake, kwa hiyo yeye anaona anatosheka. Beki wa Bolton, Tommy Banks, akamjibu kwamba anajua kazi ya mgodini ni ngumu, lakini hakuna watu 30,000 wanaokwenda kumtazama baba yake akichimba, nao watakuja kumtazama yeye Banks akijaribu kumzuia Stanley Matthews. Ukumbi ukacheka, na kura zikapigwa kwa kugoma. Tarehe 18 Januari 1961, siku tatu kabla ya mgomo kuanza, viongozi wa ligi walikubali kuondoa kikomo cha mshahara. Baada ya muda mfupi Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki.

Magazeti yalishangilia. Lakini kamba ile ya kwanza, ya 1893, ilikuwa bado shingoni. Viongozi wa klabu walipokaa tena na kufikiri, hawakutaka kuilegeza. Ndipo inapoingia habari ya George Eastham.

Eastham alizaliwa Blackpool mwaka 1936. Alikuwa mwembamba, mwenye pasi za kupima kwa rula. Newcastle United walimchukua mwaka 1956. Baada ya muda hakupatana nao. Alilalamikia nyumba aliyopewa na klabu, na mambo mengine. Fikiri kidogo habari ya nyumba. Wachezaji wengi walikaa katika nyumba za klabu, kwa hiyo aliyegombana na klabu aligombana pia na mwenye nyumba wake. Mkataba ulipokwisha Juni 1960, Eastham akaomba kuhama. Newcastle wakamwandika katika orodha ya wanaobaki. Aliomba tena, akakataliwa. Akaiandikia ligi, na ligi ikasema hayo ni mambo ya yeye na klabu yake.

Basi akafanya kama Mannion, akaacha mpira. Alikwenda kusini mwa Uingereza, akaajiriwa na rafiki yake mfanyabiashara, Ernie Clay, kuuza lile gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa. Tofauti na Mannion, kazi hiyo ilimpa chakula cha kutosha, naye akaweza kungoja. Mwezi wa Oktoba 1960 Newcastle walichoka wakamwuza kwa Arsenal kwa pauni 47,500. Tufanye tena hesabu yetu: kwa pauni 20 kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 45 ya mshahara.

Hapo mtu mwingine angesema yamekwisha. Alikuwa London, anacheza, analipwa. Lakini chama kilimwomba aendelee na kesi kwa faida ya wenzake, naye akakubali. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko mabao yake yote. Aliishitaki Newcastle, na pamoja nayo ligi na Chama cha Mpira. Safari hii mawakili hawakurudia kosa la 1912. Hawakutafuta nia mbaya ya mtu yeyote. Walisema kanuni yenyewe inamzuia mtu kufanya kazi yake pasipo sababu ya haki.

Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu katika Juni 1963 mbele ya Jaji Richard Wilberforce. Naye alikuwa wa ukoo wa yule William Wilberforce aliyepigania kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kuwa magazeti ya Uingereza yalizoea kuiita mikataba ya wachezaji "ya utumwa", watu walifurahia sana jambo hilo. Mimi nawaomba tulitumie neno hilo kwa uangalifu. Sisi wa pwani hii tunalijua kwa maana yake halisi, soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, na walioletwa pale hawakuweza kusema, "Naacha, nakwenda kuuza vizibo." Mchezaji aliweza. Alichopoteza ni kazi aliyoijua kuliko zote, katika miaka michache ambayo miguu yake ilikuwa na nguvu.

Jaji alitoa hukumu mwezi wa Julai 1963. Alizipima sababu za klabu moja moja, ile ya kuzilinda klabu ndogo nayo ikiwamo, asione kwamba inatosha. Akaamua kwamba kumzuia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha, pamoja na kudai bei juu yake, ni kumfunga kupita kiasi kinachokubalika kisheria. Bei za uhamisho zenyewe hakuzifuta. Wala hakumpa Eastham mshahara wa ile miezi aliyokaa bila kucheza. Lakini mwaka uliofuata ligi ililazimika kubadili kanuni: klabu inayotaka kumbaki mchezaji iwe imempa mkataba mpya usiopungua ule wa zamani, isipofanya hivyo, aende huru. Mabishano yakitokea, yapelekwe mbele ya baraza la kuamua.

Bado bei ilidaiwa hata kwa mchezaji aliyemaliza mkataba. Hilo liliondolewa na mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman. Mkataba wake na klabu ya Liège ulikwisha Juni 1990, klabu ikampa mpya wenye mshahara wa robo tu ya alizokuwa akipata, na alipotaka kwenda Dunkerque, Ufaransa, uhamisho ukakwama. Alihangaika mahakamani miaka mitano. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mchezaji raia wa nchi za umoja ule akimaliza mkataba, haidaiwi bei anapohamia klabu ya nchi nyingine ya umoja. Kisha mwaka 2001 shirikisho la mpira la dunia, FIFA, likatunga kanuni mpya zinazofuatwa na nchi wanachama wake, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mkataba usizidi miaka mitano. Na mchezaji aliyebakiza miezi sita aweza kupatana na klabu nyingine. Ile "miezi sita" unayoisikia kwa kinyozi imetoka huko.

Wengi mtakuwa mnangoja nimtaje Feisal Salum. Mwishoni mwa mwaka 2022 alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga. Shirikisho la mpira la Tanzania likaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Nchi ikagawanyika, hata ndani ya nyumba moja. Na mwezi wa Juni 2023 akaenda Azam kwa mapatano ya klabu hizo mbili. Niliwasikia watu waliomfananisha na Eastham. Hawakufanana. Mkataba wa Eastham ulikuwa umekwisha, naye bado akashikwa. Wa Feisal ulikuwa haujaisha, na swali lilikuwa kama mtu aweza kutoka katika neno alilolitilia sahihi, na kwa njia gani. Hayo ni mabishano mawili mbalimbali, na mtu mwenye haki katika moja aweza kuikosa katika la pili.

Kiongozi wa kikundi, kabla hamjaachana, chukueni orodha ya wachezaji walioachwa na timu yenu msimu uliopita. Kwa kila jina ulizaneni: mkataba wake ulikuwa umekwisha, ulivunjwa, au aliuzwa? Na kama ulivunjwa, nani aliuvunja, naye alilipa nini? Andikeni majibu yenu mtuletee. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza habari za bandari ya Mombasa.